Nilivyopata Fedha za Mfumo wa Vyeti vya Mimea

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa kazini ulitoka kwa mwandamizi mmoja wa mipango, aliyeniambia kwamba nikitaka Hazina igharamie mfumo wa mtandaoni wa kutolea vyeti vya usafi wa mimea, vile vinavyothibitisha kwamba mazao yanayosafirishwa nje hayana wadudu wala magonjwa, niombe vitu vinavyoshikika. Nikaomba seva na kompyuta, nikapewa zote kutoka fedha za maendeleo, kisha nikagundua kwamba katika matumizi ya kawaida sikuwa nimetenga hata senti ya leseni, intaneti wala mtaalamu wa kuuhudumia mfumo. Ile seva ikageuka stuli ya mafaili masijala.

Mara ya pili nilikwenda kwenye uchambuzi wa bajeti nikiwa na faili moja tu, la msafirishaji mazao ambaye mzigo wake ulikataliwa ugenini kwa sababu muhuri wetu ulikuwa umegongwa juu ya jina la kisayansi la mmea, likawa halisomeki. Sikuhutubia. Nilimwomba mchambuzi, kwa unyenyekevu mkubwa, anitafutie humo stakabadhi ya ada. Alilamba kidole, akapekua, akaipata. Akaendelea kupekua, akapata nyingine yenye namba ileile lakini kiasi tofauti. Mimi nilikuwa nimeiona tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, ila nilinyamaza kama sijui lolote, maana aibu ya idara yangu ilikuwa na uzito kuliko kurasa zote za andiko langu la kwanza. Kuanzia hapo mjadala ukahama kutoka gharama za mfumo kwenda kwenye maduhuli, yaani mapato ya serikali, yanayovuja, na sijaona jambo jingine linalomnyima mtu wa Hazina usingizi kama hilo.

Kiasi nilichoomba safari hii hakikufika nusu ya kile cha awali, kwa kuwa nchi isiyo na mfumo wake inaweza kutumia ule wa pamoja uliotengenezwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, yaani IPPC, na kubadilishana vyeti kupitia kituo kimoja badala ya kuunganishwa na kila nchi peke yake. Hata vipengele vya cheti vimekwisha kupangwa katika ISPM 12, kiwango cha kimataifa kinachohusu vyeti hivyo. Fedha nyingi nilizielekeza kwenye mafunzo na uendeshaji, katika kasma, yaani vifungu vya bajeti, zinazojirudia kila mwaka, jambo lililomchekesha sana yule mwandamizi. Alicheka hadi mwaka wa fedha uliofuata. Seva bado iko masijala, na kila mkaguzi ajapo kuiulizia, mimi humwinulia mafaili ili aisome namba yake.