Fomu yangu haikuwa na sehemu ya kuinama

Kwa miaka mingi nilikuwa mkufunzi wa kuringia matokeo. Wanachuo wangu wa elimu ya awali walizitaja hatua 4 za ukuaji wa akili ya mtoto, za mwanasaikolojia Piaget, bila kujikwaa, na maandalio yao ya somo yalikuwa safi. Kisha nikaenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo wangu bora alisimama ubaoni akiwaimbisha watoto wa miaka minne namba moja hadi ishirini, huku mtoto mmoja akimvuta sketi amwonyeshe vizibo alivyovipanga. Hakuinama hata mara moja. Nikampa alama 78, maana fomu yangu haikuwa na sehemu ya kuinama.

Nilirudi nikamwomba mkuu wa chuo asubuhi moja kwa wiki, tangu muhula wa kwanza, wanachuo waingie darasa la awali la jirani badala ya kungoja mazoezi ya mwisho. Wenzangu walinung'unika kwamba silabasi haitaisha. Hawakukosea. Froebel, mwalimu wa Kijerumani, na chekechea yake ya 1837 niliwaachia dakika 20 tu.

Jumanne ya kwanza ilikuwa aibu. Nilipeleka wanachuo 12 kwa mpigo, watoto wakaacha shughuli zao wakatukodolea macho. Mwalimu wa darasa hakunificha: "Mkufunzi, leo umenivurugia siku." Tangu hapo walienda wawili wawili, na yeye ndiye aliyepanga nani akae kona ipi. (Sijui kwa nini walimu kama huyu huitwa mtaala ukishaandikwa.)

Kila mwanachuo alikaa na watoto watatu kwa dakika 5, mwenzake akirekodi kwa simu. Sauti tu, picha za watoto hapana. Mtindo huu wa kufundisha kipande kidogo, kujikagua na kurudia ulianzia Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960. Mimi niliongeza saa ya kupima ukimya baada ya swali. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliona kuwa walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1, na wakifikisha 3 majibu ya wanafunzi hurefuka. Tukapima. Wangu hata hiyo moja hawakuifikisha.

Rekodi ya mmoja wao ninayo kichwani mpaka leo. "Hiki rangi gani?" "Nyekundu." "Na hiki?" "Nyekundu." "Vizuri! Na hiki?" Kimya, kisha vizibo vinamwagika na miguu midogo inaondoka. Alipoisikiliza alifunika uso kwa daftari.

Jumanne iliyofuata aliketi sakafuni, akaanza kupanga vizibo vyake mwenyewe bila kusema neno. Kimya kilivuta mno, nikabaki nauma ulimi nisiingilie. Mtoto akasogea.

"Hawa wanangoja basi. Huyu amekataa kupanda."

"Kwa nini amekataa?"

Sekunde 4.

"Mama yake hajafika."

Andalio lake la wiki iliyofuata lilitoka hapo hapo: kuhesabu abiria, waliopanda na waliobaki kituoni. Watoto walibishana hesabu hadi kengele ikalia.

Mtihani wa mwisho bado unauliza hatua za Piaget, nami bado nazifundisha, ila mchana. Fomu ya ukaguzi ndiyo niliyoiandika upya. Mkuu wa chuo aliniuliza mstari wa kwanza, "Ameinama?", una maana gani. Nikampa simu asikilize.