Tulikua tunafuta sidii kumbe wa kufutwa ni upanga: nilivyomaliza Onee Chanbara

Kama umekulia mtaa wenye kibanda cha gemu unaijua hii picha, tivii chogo mbili, benchi moja refu, PS2, ile mashine ya gemu, iliyochipiwa ili isome sidii za kuchoma, na foleni ya watoto wote wanataka winning, gemu ya mpira, au San Andreas. Kwetu Tanga mwenye kibanda alikua anachaji mia mbili nusu saa na hana masihara, muda ukiisha anazima hata kama mpira uko hewani unaenda golini. Sasa kwenye lile boksi la sidii kulikua na moja imeandikwa kwa maka peni ZOMBI, basi, na ndo nilikua naiomba mimi kwasababu foleni ya mpira sikua naiweza, wakubwa walikua wananiruka.

Unaanza gemu unamkuta dada kavaa bikini, kofia ya kauboi na skafu ya manyoya shingoni, kashika upanga, na mazombi wanakuja kumi, ishirini, unakata tu. Nakiri mara ya kwanza niligeuka kuangalia kama kuna mtu mzima mlangoni. Jina lenyewe nimekuja kulijua ukubwani, Ulaya iliuzwa kwa jina la Zombie Zone, kwao Japan ilitoka 2004 ikiitwa The Onee Chanbara, namba 61 kwenye Simple 2000, yaani zile gemu za bei chee za D3 Publisher, yen 2000 kila moja. Waliotengeneza ni Tamsoft. Oneechan ni dada, chanbara ni zile filamu za samurai za kupigana mapanga, wakayagonganisha maneno mawili ikawa hivyo. Na msidharau hiyo bei, humohumo kwenye Simple 2000 ndo ilipozaliwa Earth Defense Force ya kupiga wadudu wakubwa kama magorofa.

Tatizo letu lilikua hivi. Unakata vizuri dakika mbili tatu, afu ghafla upanga unaanza kukwama, unampiga zombi panga linaganda mwilini mwake, dada anahangaika kulichomoa na huku nyuma wanakutafuna. Kibanda kizima tulikubaliana sidii imekwaruzika. Basi tunaitoa, mmoja anaipulizia, mwingine anaifuta na shati, tunarudisha, kweli mwanzo wa steji panga linakata kama wembe, tunashangilia, dakika mbili tena limekwama. Tumefuta ile sidii mwaka mzima jamani. Na siku moja niliyofika mbali kuliko wote nikasevu kwenye memori kadi ya kibanda, kesho yake nakuta kuna mtu kasevia San Andreas yake juu yangu. Nikaachana nayo.

Miaka imepita, nina leptop ya mtumba, nikaja kuona kuna Onee Chanbara Origin, imetoka Japan 2019 kwa PS4 na mwaka uliofuata ikaja huku kwetu wengine mpaka kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Ni hadithi ya zile gemu mbili za mwanzo imechorwa upya kwa staili ya katuni. Yule dada wa bikini anaitwa Aya, anamtafuta mdogo wake Saki, na wote wawili wana damu iliyolaaniwa. Nikasubiri punguzo, nikalipia kwa ile kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, nikaishusha kwa bando la usiku siku tatu mfululizo.

Hapo ndo nikajua aibu yetu. Kumbe upanga ukikata unashika damu, ukijaa damu unakua butu na unakwama, na kuna kitufe cha kuukung'uta! Dada anaupiga mmoja hewani, damu inaruka, kwisha. Niliacha pedi mezani nikacheka peke yangu nikiyakumbuka yale mashati.

Ila kujua kukung'uta hakukunimalizia gemu. Ile sekunde ya kukung'uta uko wazi kabisa, ukifanya katikati ya kundi umeliwa. Na damu haiishii kwenye upanga, inamuingia na mwenyewe, ikijaa anapandwa wazimu, anakua na nguvu za ajabu lakini uhai wake unashuka wenyewe kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mimi nilikua naiona ile hali nafurahi, nakata kila kitu, afu nafia palepale zombi wa mwisho amebaki mmoja. Hiyo imenitokea mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Afu kuna mambo ya kubonyeza. Sisi wa kibandani tumezoea kusugua kitufe mpaka kidole kinaota sugu, na hizi gemu za kukatakata wengi wanadhani ndo zilivyo. Hii inakuadhibu. Ina kitu inaita Cool Combination, unabonyeza pigo linalofuata palepale upanga unapogusa, si kabla si baada, ukipatia mapigo yanaungana yanakua marefu, ukisugua tu yanakatika njiani. Nikawa siipati kabisa, siku nne niko kwa Saki, bosi yaani adui mkubwa wa kupita, mwenyewe mdogo mtu, ananipiga mpaka namuonea huruma Aya.

Aliyenisaidia ni dada yangu mdogo, hajui gemu hata moja, alikua pembeni anachambua mchele. Akaniambia kaka mbona unabonyeza kama mtu anayetwanga peke yake, mwenzio hujamuachia zamu. Sikumuelewa, akasema si mnatwanga kinu kimoja watu wawili, ukiwahisha unamgonga mwenzio mchi, sikiliza mlio wake ndo ushushe wa kwako. Yaani nikapunguza mwanga wa kioo nikaongeza sauti, nikawa sifuati tena macho, nasubiri mlio wa panga kuingia nyamani ndo nabonyeza. Tatu. Nne. Sita. Nikamuangalia, akarudi kwenye mchele wake kana kwamba hajasema kitu.

Baada ya hapo likabaki la leptop. Mazombi wakijaa ilikua inakwama kidogo, na ukishategemea mdundo basi kukwama kidogo ni sawa na mtu kakusukuma kiwiko. Nikashusha picha zote mpaka chini kabisa, vivuli nikazima, nikaiinua leptop kwa vizibo vinne vya soda kila kona kimoja ili ipumue. Sura ya Aya ikawa kama imechorwa na mtoto wa chekechea ila mdundo ukatulia. Nakuambia bora gemu mbaya inayokimbia.

Kwa Saki sasa nikaenda na utaratibu. Simfuati, namsubiri aje, nakwepa dakika ya mwisho kabisa maana ukikwepa kwa wakati gemu inakupa nafasi ya kurudisha, nampiga mapigo machache tu ya mdundo, narudi nyuma. Upanga nakung'uta nikiwa mbali naye, hata kama haujajaa, na hili ndo lilinibadilishia mchezo kuliko yote, usisubiri ukwame. Wazimu ukipanda simwachii tena nafasi, hapo ndo naingia mzima kwasababu uhai unashuka ukipigwa na usipopigwa. Nilimmaliza nimebaki na kauhai kembamba kama uzi. Na kuanzia hapo ukiendelea unampata Saki mwenyewe upande wako, unabadilishana nao katikati ya ugomvi, mmoja akichoka unamuingiza mwingine, ikawa nafuu kubwa.

Sitasema ni gemu bora duniani. Ni fupi, mandhari zinajirudia, na zile nguo sijapata maelezo ya kumpa mama akiingia chumbani ghafla. Lakini niliimaliza saa nane usiku vizibo vimepata moto, nikapiga picha ya kioo nikamtumia rafiki yangu tuliyekua naye kibandani, sasa hivi yuko Muscat anafanya kazi. Nikamuandikia maelezo marefu, sidii, mashati, damu kwenye upanga, kila kitu. Akanijibu asubuhi kwa sauti, sekunde sita nzima, anataka kujua kitu kimoja tu, yule dada bado anavaa vilevile?

Nikamwambia ndio, na kofia yake.