Jinsi Nilivyotatua Kukatika kwa Waifai Nyumbani

Kila jioni, majirani wa jengo letu waliporejea kutoka kazini, waifai yetu ilikatika ovyo ingawa simu ilionyesha mawimbi yenye nguvu. Nilipounganisha kompyuta na ruta, kifaa kinachosambaza waifai, kwa waya, intaneti haikusita hata kidogo, jambo lililonithibitishia kuwa kasoro haikutoka kwa mtoa huduma. Programu ya kupima mawimbi ilionyesha ruta nyingi zikibanana kwenye chaneli ya 6, yaani mojawapo ya njia ndogo za masafa ya redio ya GHz 2.4, ambako chaneli za 1, 6 na 11 ndizo hutumika bila kuingiliana. Nikahamia chaneli ya 11, iliyokuwa karibu tupu, na kupunguza upana wake, yaani sehemu ya masafa inayoichukua, kutoka MHz 40 hadi 20 ili isiingilie chaneli jirani, hatua ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote. Runinga, iliyo chumba kimoja na ruta, niliihamishia GHz 5, masafa yanayopenya kuta kwa shida lakini yenye nafasi tele.