Kumchagulia mdogo wangu dawa ya bipola

Mdogo wangu wa kike anaugua bipola, ugonjwa unaompandisha mtu akakesha wiki nzima akinena na kutapanya pesa, kisha ukamtupa katika huzuni isiyompa nguvu hata ya kuoga. Hapa Bukavu wengi huanzia chumba cha maombi; nasi tulianzia huko, wala simlaumu mama.

Dawa ya kwanza aliyoandikiwa ilikuwa valproati. Ilimtuliza upesi, lakini hakuna aliyemuuliza kama anatazamia kuzaa, ingawa mwanamke akishika mimba huku akiimeza, inaweza kumdhuru mtoto uti wa mgongo na ubongo. Mdogo wangu ameposwa. Nilipoyajua hayo nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Daktari wa pili alituketisha sote na mama. Alisema kabamazepini, mojawapo ya dawa tulizoweza kuchagua, hulifanya ini livunje haraka dawa nyingine, zikiwemo vidonge vya kupanga uzazi na artemeta-lumefantrini tunayomeza kila malaria inapotushika. Lamotrijini, dawa nyingine ya kuchagua, huzuia huzuni zaidi kuliko kupanda, ilhali yeye huumizwa hasa na kupanda.

Ikabaki lithiamu, ambayo John Cade aliandika habari zake huko Australia mwaka 1949, na ambayo imeonekana kupunguza hatari ya mgonjwa kujiua. Kwangu hilo ndilo lililokata shauri, kwa kuwa mwaka jana alikuwa ameshaniaga. Nayo ina hatari zake kwa mimba, ila ni ndogo kuliko za valproati, mradi daktari ajulishwe mapema.

Kuitumia lithiamu kunataka uangalifu mkubwa. Damu hupimwa zikiwa zimepita saa 12 tangu kidonge cha mwisho, kiwango cha lithiamu kikitakiwa kuwa kati ya milimoli 0.6 na 0.8 hivi kwa lita, kwa maana kikipita 1.5 dawa yenyewe huwa sumu. Figo na tezi ya shingo nazo huangaliwa kila baada ya miezi michache. Ibuprofeni na diklofenaki, tunazonunua kiholela kwa maumivu yoyote, amekatazwa, kwani huipandisha lithiamu mwilini. Akiharisha au kutapika, hatungoji: tunampeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Mama, aliyezoea kupika bila chumvi kwa ajili ya presha yake, sasa humpikia binti yake kando, maana chumvi ikipungua ghafla figo huibakiza dawa.

Jumapili atamweleza mchumba wake kwamba mimba itabidi ipangwe pamoja na daktari. Ameniomba niwepo.