Siku moja maishani mwangu: kinyonga wa mpingo

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai naenda kwenye ua wa michongoma nyuma ya chumba ninachopanga. Kuna kinyonga anaishi humo, na ndiye ninayemchonga. Jirani yangu hapiti upande ule. Amelelewa kumwogopa, wala simshangai. Jamii nyingi za Kibantu husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kuwa hawatakufa, akakawia njiani, mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Mimi naona kiumbe aliyebebeshwa neno zito namna hiyo anastahili kutazamwa vizuri.

Leo nimetazama miguu tu. Wa mbele una vidole vitatu vilivyoungana kwa ndani na viwili kwa nje; wa nyuma ni kinyume chake, viwili ndani, vitatu nje. Ndiyo maana akikamata kijiti hang'oki. Vinyago vingi vya madukani humpa vidole vya mjusi, na hapo najua aliyechonga hakuwahi kuchutama mbele ya kinyonga.

Saa 2 asubuhi. Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam. Mpwa wangu ameshafagia na kunoa patasi. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, baba. Tezo je?" "Tayari." Ni mtoto wa dada yangu, na sisi Wamakonde ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo ufundi huu ni wake kabla ya kuwa wa mtu mwingine. Mimi nami nilifundishwa na mjomba wangu, huko Newala.

Gogo jipya halianzwi hivi hivi. Namwaga unga kidogo chini, nawataja wazee waliotangulia, mjomba wangu nikimtaja mwishoni, kisha ndiyo nashika tezo. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kimo cha kuvunwa. Mti wa umri huo umekaa na ndege, nyoka na mizimu muda mrefu kuliko mimi nitakavyoishi, na kuuanza bila salamu ni utovu wa adabu.

Saa 3 mpaka saa 6. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mpingo mara nyingi huja umepinda, una nyufa, pengine una tundu katikati. Anayetaka kuchonga simba wa kuwekwa mezani hulalamika. Mimi huligeuza gogo polepole mpaka lenyewe lioneshe mgongo uko wapi. Hili lina tundu upande wa chini, basi mkia nimeuzungusha pale pale, ukajikunja kulifuata. Sehemu nyeupe ya nje, ambayo wengi huiondoa yote, nimeibakiza mstari mwembamba ubavuni, ikapakana na kiini cheusi chenye wekundu wa zambarau kwa mbali. Rangi hiyo huonekana vizuri pale tu patasi inapotoka, kabla hewa haijaitia giza.

Jicho moja nimelichonga la kinyonga. La pili si lake. Wazee wetu walitufundisha kuwa porini wanaishi mashetani, wakorofi wapo, wacheshi wapo, wenye kusaidia wapo, na wanaweza kukujia kwa umbo la mnyama au ndege. Ndiyo maana sioni mpaka kati ya kuchonga mnyama na kuchonga shetani. Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo huu wa mashetani miaka ya 1950, alitufungulia njia: mwili unaopinda, kiungo kinachogeuka kingine. George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyefariki mwaka 2005, akawapa mashetani masikio makubwa na furaha. Kazi za hawa wawili namwonesha mpwa wangu kila nikipata picha.

Saa 7. Ugali na dagaa.

Saa 8 mchana. Vijana wawili wa chuo wamesimama mbele ya kinyonga.

"Mzee, samahani, huogopi kulala nyumba moja na hivi vitu?"

"Mwanangu, ningeogopa zaidi kulala mahali ambapo havipo tena."

Nikawaeleza hadithi yetu ya mwanzo: mtu aliyeishi peke yake porini akachonga umbo la mti, akalisimamisha, na kulipokucha lilikuwa mwanamke, mama wa Wamakonde wote. Watu waliotokana na kinyago hawawezi kukiita kinyago kitu cha shetani wa kanisani, nikamaliza. Mmoja aliandika kwenye simu yake. Hawakununua, lakini walikaa saa nzima.

Baada yao mteja mmoja aliuliza kwa nini mpingo wangu ni ghali wakati pembeni kuna wa bei ya chini. Nilimpa kipande kidogo cha mpingo, kingine cha ule wa bei ya chini, na ndoo ya maji. Mpingo huzama. Ule mwingine ulielea, na rangi ya viatu uliyopakwa ikamwachia alama vidoleni.

Saa 11 jioni. Msasa mkali, kisha laini zaidi, kisha nta na kitambaa. Nimemwachia mpwa wangu vidole vyote vya miguu. Amevihesabu mara mbili kabla ya kugusa.

Saa 1 usiku. Simu kutoka Newala. Vijana wa ukoo wanaingia jando mwaka huu na wazee wananitaka nichonge lipiko la sungura, kichwa cha kuvaliwa kwenye ngoma ya mapiko siku ya kuwatoa. Nimekubali kabla mzee hajamaliza kusema. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, ili mchezaji aweze kuruka nalo, na halichongwi hadharani, kwa kuwa wasiopitia jando hawaruhusiwi kuliona likitengenezwa. Mwenge kila mtu anapita. Itabidi nisafiri, niingie porini na wazee, nichonge huko huko. Mpwa wangu ameshapita jando, kwa hiyo tunakwenda wote, na usiku huu anaulizia nauli ya basi.