Siku moja maishani mwangu: na lori kwenye Mto Mackenzie

Saa 11 alfajiri. Inuvik, kaskazini ya mbali ya Kanada. Jua liko juu. Halijatua tangu mwishoni mwa Mei, na halitatua mpaka Julai ivuke katikati. Nakagua tairi, nakaza kamba za turubai. Nimepakia mbao na mabomba ya kijiji cha Fort McPherson, ng'ambo ya mto, mzigo uliokwama hapa tangu njia ya kuvuka juu ya mto ulioganda ifungwe mwishoni mwa Aprili.

Saa 1 na nusu. Nikitoka mjini napita msikiti wetu. Ulijengwa Winnipeg, ukabebwa kwa lori hadi mji wa Hay River, kisha tishari likaushusha kwa mto mpaka hapa Septemba 2010. Jamaa zangu wa Tanga bado wanaona kama hadithi.

Saa 2. Barabara ya Dempster, kokoto tupu, karibu kilomita 130 hadi mtoni. Imeinuliwa juu ya tuta nene ili joto lisifike kwenye udongo ulioganda chini yake. Udongo huo ukiyeyuka, barabara inadidimia. Pembeni naona misonobari imelala huku na huku, mizizi imekosa pa kushika.

Saa 4. Kijiji cha Tsiigehtchic, kwenye pantoni. Hapa Mackenzie inapokea maji ya Arctic Red, na upana wake unakaribia kilomita moja. Maji ni rangi ya udongo, magogo yanapita kwa kasi. Ukingoni bado kuna mapande ya barafu yaliyojaa matope, na miti iliyo karibu na maji imechubuliwa magome kuliko kimo changu.

Jambo la kuelewa ni hili: mto huu unatoka kusini kwenye joto na kuelekea kaskazini kwenye baridi, kilomita 1,738 toka Ziwa Great Slave hadi Bahari ya Aktiki. Kwa hiyo barafu inavunjika kwanza huko kusini, mto unakotoka, wakati huku kaskazini bado imefunga. Maji yanashuka na mapande yake, yanakuta mlango umekomewa, yanapanda. Mei 2021 yaliingia kijiji cha Fort Simpson, watu wakahamishwa. Mei 2022 ikawa zamu ya Hay River, kwenye mto mwingine unaoelekea kaskazini vivyo hivyo. Kwetu madereva, wiki hizo hakuna kuvuka: barafu haibebi lori tena, na pantoni haijaanza.

Saa 6 mchana. Fort McPherson. Tunashusha haraka, nakula, nageuza.

Saa 9 alasiri. Foleni ya pantoni tena. Greda linasogeza kokoto kwenye gati, maana maji yameshuka tangu asubuhi. Mzee mmoja wa Kigwich'in, wenyeji wa asili wa huku, ananigawia kipande cha samaki aliyekaushwa kwa moshi, kinene, kina mafuta, na chumvi kidogo tu. Nampa shikamoo ya moyoni kwa kuinamisha kichwa. Tunaongea habari za maji. Watu wa mbali husikia mafuriko wakaona balaa tu, lakini delta hii, pale Mackenzie inapogawanyika kabla ya bahari, ina maziwa zaidi ya 45,000, na mengi yamekaa juu kiasi kwamba mto hauyafikii ila barafu ikiuziba. Pasipo mafuriko hayo yanakauka taratibu, na panya-maji na samaki wanaondoka. Ndiyo maana mimi huogopa zaidi mwaka wa maji machache. 2024 yalipungua mno, matishari ya mji wa Norman Wells yakashindwa kupita, mafuta yakaletwa kwa ndege, na bei ikawaumiza watu vibaya.

Saa 1 usiku. Inuvik, jua bado kali. Bosi ananipa karatasi ya kesho: Tuktoyaktuk, kijiji cha pwani ya Aktiki, kilomita 138, barabara iliyofunguliwa Novemba 2017. Kabla ya hapo lori lilifika huko majira ya baridi tu, likipita juu ya mto wenyewe na bahari iliyoganda.