Tulivyoenda Gombe asubuhi na kurudi jioni, kina mama wanne kutoka Mwanga

Mi nimezaliwa Kigoma, nimekulia Kigoma, biashara yangu ya vitenge iko hapa soko la Mwanga mwaka wa kumi na tatu sasa, na Gombe, ile hifadhi ya sokwe hapa jirani, nilikua sijawahi kuikanyaga mpaka Julai 2025. Siku moja nilipata mteja kutoka Mwanza, mama mwenzangu tu, nampimia kitenge chake huku tunapiga stori akaniuliza ee mama, na hao sokwe wenu wakoje ukiwaona kwa karibu? Nikakosa jibu. Nimebaki na mkasi mkononi. Sokwe wako kilomita kama 16 tu kaskazini ya mji, watu wanapanda ndege kutoka Marekani na Ujerumani kuja kuwaangalia, na mimi ambaye nikitoka nje naliona ziwa Tanganyika nimekaa zaidi ya miaka arobaini najua ile ni hifadhi ya wazungu. Iliniuma kweli, nikalala nalo.

Kwenye kikoba chetu nikalisema, wakajitokeza wanne. Mwalimu mstaafu, bi mkubwa wa miaka 61 ambaye miguu yake ni mizima kuliko ya wote, nesi, mama muuza dagaa wa Kibirizi, na dada wa saluni ambae ndo mdogo wetu. Na mimi wa tano. Tulivyoulizia tukaambiwa kundi moja linaloenda kuona sokwe ni watu sita mwisho pamoja na muongozaji wao, kwaiyo watano tumetosha kabisa, tena mkiwa wachache hivo boti inawezekana kuigawana bila kuumizana.

Sasa boti ndo ilitusumbua kuliko vyote, na hapa nataka nieleze vizuri mana wengi ndo wanakwama. Barabara ya kwenda Gombe hakuna, ni majini tu. Zipo boti za abiria zinatoka Kibirizi kwenda vijiji vya huko juu mpaka Mwamgongo, nauli yake nafuu, lakini zinatoka mchana na zinarudi mjini asubuhi, ukipanda hiyo ujue unalala. Sisi hatukua na uwezo wa kulala, kila mtu ana watoto na biashara, kwaiyo ikabidi tukodi boti ya mbao ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mama dagaa ndo alienda kupatana, yeye manahodha anawajua tangu wanajifunza kuogelea. Hakuangalia bei kwanza, aliangalia injini, akataka aiwashe aisikie, afu akataka kuhesabu laifu jaketi kwa mkono wake moja moja, mbili zilikua zimekatika mikanda akazirudisha. Nahodha mwenyewe akamwambia shangazi wewe ungekua afisa. Hela kubwa ya safari nzima ilienda kwenye mafuta ya ile injini. Kiingilio chenyewe kwa sisi wananchi kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni, ila beba kitambulisho chako cha NIDA, na pesa mkononi hawapokei, unapewa kontroo namba unalipia kwa simu au benki, kwaiyo hakikisha simu ina salio kabla hujaingia kwenye boti.

Na miguu je? Mi goti langu la kulia linanisumbua tangu uzazi wa mwisho, na kazi yangu ni ya kukaa. Nesi akaniambia dada usijidanganye, Gombe ni milima, inasimama kuanzia ufukweni. Akanipa zoezi, nisipande tena bodaboda ya kurudi, nipande mlima kwa mguu kutoka stesheni ya reli mpaka Mwanga. Wanaoijua ile barabara ya Lumumba wanajua unavyopanda. Wiki sita nilifanya, jioni baada ya kufunga, wiki ya kwanza nilisimama mara nne, wiki ya mwisho sikusimama. Nilifanya na raba zile zile za kwenda nazo ili zizoee mguu. Sijui kama ningefika bila lile zoezi, kiukweli naamini nisingefika.

Jioni ya kuamkia safari dada wa saluni akaja na mafua. Sauti imekauka, anapiga chafya. Na huyu ndo alikua na hamu kuliko sote, alikua anaweka mia tano tano kwenye kopo la mafuta ya nywele tangu mwezi wa tano. Mi nilikua wa kwanza kusema anywe tangawizi na limao alale, asubuhi atakua sawa, kikohozi kidogo tu nani atajua. Mama dagaa akaniunga mkono. Nesi akakataa. Akakaa chini kabisa akatueleza kwamba sokwe anaugua magonjwa yetu, mafua ambayo wewe unayamaliza na vidonge viwili yeye yanaweza kumuua yeye na mwanae, na kule Gombe ilishatokea, mwaka 1966 polio iliwapiga, wengine wakafa na wengine wakapooza mikono. Akasema ndo mana wanasema mgonjwa haingii, na hakuna atakayekupima pua getini, ni wewe na nafsi yako. Tulinyamaza wote. Dada wa saluni mwenyewe ndo akavunja ukimya akasema basi mi nabaki. Nilimwonea huruma sana na nilijionea aibu mimi niliyetaka kumfichia. Tukamrudishia mchango wake wa boti pale pale, ile nafasi tukaigawana wanne. Na asubuhi ile giza bado alikuja Kibirizi kutusindikiza, akasimama mbali kidogo na kitambaa mdomoni, ametuletea chupa ya chai na chapati.

Huku kwetu jua linachelewa, tumeondoka saa kumi na mbili na nusu bado hujamjua mtu vizuri usoni, boti za dagaa ndo zinarudi na taa zao. Kama saa moja na nusu hivi majini. Mimi kuangalia yale maji chini nilishindwa, ziwa lenye kina cha mita 1,470 sehemu yake ya ndani kabisa, nikawa naangalia nchi kavu. Na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona maisha yangu yote. Vilima vyote vya vijijini vimenyolewa, mihogo na michikichi na udongo mwekundu mpaka juu, afu ghafla kama mtu amechora mstari, msitu. Nahodha wala hakusema kitu, alinyoosha kidevu tu. Hapo ndo hifadhi inaanzia.

Tulishuka Kasekela, ndani ya hifadhi. Kitu cha kwanza ni nyani, wamejaa ufukweni kama wenyeji, na muongozaji aliyetupokea, kijana wa heshima sana, akatupa shikamoo zetu afu akatuambia mama zangu chakula hakitoki kwenye begi hapa nje, watu wanakula ndani kwenye wavu. Chapati zetu zikabaki zimefungwa. Akatupa na masharti mengine, barakoa tukiwakaribia, mita kumi usipungue, muda na sokwe ni saa moja tu, hakuna kula mbele yao, hakuna flashi ya kamera, ukibanwa na kikohozi unarudi nyuma.

Afu akauliza swali ambalo ndo lilinifikisha mimi. Akauliza nani hapa anachoka mapema, aseme asione haya. Nikanyoosha mkono, nikamwambia na goti. Akanipa fimbo, akaniambia basi mama wewe utakaa mbele, nyuma yangu tu, wote watafuata mwendo wako. Mi nilizoea kuachwa nyuma, hata kwenye misiba ya kijijini tukienda makaburini nafika watu wanarudi. Ukiwa nyuma wenzio wanasimama kukusubiri, ukifika wao wameshapumzika wanaondoka, wewe hupumziki kabisa. Nikiwa mbele nilitembea mwendo wa Lumumba, pole pole bila kusimama, na hamna aliyelalamika, mwalimu nyuma yangu alikua anahesabu aina za vipepeo.

Kwanza tulifata bonde la Kakombe mpaka kwenye maporomoko. Njia ni ya kivuli, mizizi imejaa, majani makavu yanateleza kuliko unavyofikiria. Maporomoko yenyewe yanashuka kwenye mwamba mweusi wenye mimea ya kutambaa kama kamba inaning'inia, kama mita 25 hivi, na upepo wa yale maji unakupiga usoni baridi wakati wewe umelowa jasho. Muongozaji akatuambia madume ya sokwe wakifika hapo wakati mwingine wanashika ile mimea wanabembea na kurukaruka mbele ya maji, na mama Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, aliliona hilo na akajiuliza sana kama wanastaajabu kama sisi. Jane Goodall alishuka ufukwe ule ule Julai 14, 1960, binti wa miaka 26, na aliletwa akiwa na mama yake mzazi kwa sababu serikali ya kikoloni haikukubali akae porini peke yake. Novemba mwaka huo huo akamwona sokwe dume anachomeka jani kwenye kichuguu anavua mchwa anakula, na mpaka siku hiyo wasomi walikua wanafundisha kwamba mtu peke yake ndo anatengeneza chombo cha kazi. Mwalimu wetu alisimama hapo akasema nimefundisha miaka thelathini na tano mkoa huu na hili sikuwahi kuwaambia watoto. Machozi yalimtoka, sio kwa maigizo.

Redio ya muongozaji ikaita. Wenzake wanaotangulia alfajiri kuwatafuta wamewapata, ila juu, kwenye mteremko wa kuelekea ile kilele wanayoiita ya Jane. Akanitazama mimi. Nikamwambia twende.

Kile kipande sitakificha, kilikua kigumu. Njia inasimama wima, unashika mizizi kwa mkono, vumbi la kiangazi linatembea chini ya raba. Mama dagaa alikua ananisukuma kiunoni kwa kiganja. Sehemu mbili nilipiga magoti nikapanda hivo hivo. Muongozaji hakusema hata mara moja tunakaribia, alikua anasema tu weka mguu hapa, sasa hapa, na mi naona hiyo ndo kazi nzuri kwa mtu aliyechoka mana neno tunakaribia likirudiwa mara tano linavunja moyo.

Afu akanyoosha mkono nyuma tusimame, tukavaa barakoa.

Mama na mwanae, wamekaa chini ya mti kabisa, na wengine watatu juu wanavunja matawi. Yule mama alikua amejaza matunda mdomoni, mdomo wa chini ameuvuta mbele kama kikombe, makapi yote yamo, anayabana ananyonya, afu anayatoa kwenye mdomo anayaangalia, anarudisha. Kucha zake. Mi nilishindwa kutoa macho kwenye zile kucha, nyeusi, pana, moja imepasuka katikati kama ya mama yeyote anayelima. Mtoto akaja akanyosha mkono kwenye yale makapi, mama akamgeuzia bega, mtoto akalia, mama akampa kidogo. Yaani hivo hivo. Nesi alinishika mkono akaubana, tukakaa hivo hatuongei. Afu wale wa juu wakaanza kupiga kelele, inaanza chini chini hu, hu, inapanda mpaka bonde zima linaitika na ng'ambo wengine wakajibu, na simu yangu nilikua nimeiweka inarekodi. Saa moja iliisha kama dakika kumi. Muongozaji alipoonyesha saa yake hakuna aliyebisha.

Kushuka ndo goti liliuma zaidi ya kupanda, akanifundisha nishuke ubavu, mguu mzima chini kwanza na fimbo upande wa bonde. Tulikula chapati ndani ya wavu nyani wanatuchungulia. Saa tisa kamili nahodha alikua ameshasimama ndani ya maji anatuita, na alikua na haki, upepo wa kusini ulishaanza na kurudi tunauendea usoni. Alitembea karibu na nchi kavu njia nzima, mwendo mdogo, tumelowa mpaka kwapani, mwalimu anasali kwa sauti. Jua linazama tuko Kibirizi.

Kesho yake sikufungua duka asubuhi, nilishindwa kushuka ngazi. Mchana nikajikokota mpaka saluni. Dada mafua yalikua yanaisha, ana mteja kichwani nusu amesukwa nusu bado. Nikaweka simu juu ya meza ya vioo nikabonyeza. Ile sauti ilivyopanda, kina mama wote mle ndani wakanyamaza, hata yule aliyekua chini ya draya akatoa kichwa. Dada akasimama na kitana mkononi mpaka ikaisha. Akasema rudisha mwanzo. Tukaisikiliza mara tatu, afu akavuta lile kopo kutoka chini ya droo, akatupia mia tano, akarudi kwenye nywele za mteja.

Nahodha tumeshaongea nae, yule yule. Safari hii mbele atakaa mama dagaa, mana amekiri kwamba siku ile alikua anajishikilia kwangu.